Kupima amini za kibayojeni kwa benzoili kloridi: dalili, vyanzo na marekebisho

Dopamini, serotonini, norepinefrini na ndugu zao ni molekuli ndogo zinazopenda maji. Hazishikwi vizuri na kolamu ya C18 (inayoshika vitu vinavyopenda mafuta), na kwenye spektrometa ya masi huonekana hafifu. Ndiyo maana huambatishiwa benzoili kwanza: derivati, yaani molekuli mpya inayopatikana, hushikwa na kolamu, hutoa ishara kubwa zaidi, na haioksidiki kirahisi. Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Shida ni kwamba inapogoma, watu wengi hukimbilia kusafisha chanzo cha ayoni au kubadilisha kolamu, wakati kosa lilikwishatokea ndani ya tyubu, nusu saa kabla ya sampuli kufika kwenye mashine.

Mwongozo huu unachukua utaratibu wa kawaida: mikrolita 20 za sampuli, mikrolita 10 za bufa ya sodiamu tetraborati ya milimola 100 kwa lita, mikrolita 10 za benzoili kloridi ya 2% katika asetonitrili, kutikisa kwa voteksi mara moja, kusubiri dakika chache, kisha mikrolita 10 za standadi ya ndani (derivati zilezile zenye kaboni-13, za kulinganishia) yenye asidi ya kusimamisha mmenyuko. Kama vipimo vyako ni tofauti, badilisha hesabu. Mantiki inabaki ileile.

Anza na tyubu nne

Kabla ya kurekebisha chochote, tayarisha hizi kwa pamoja, kwa vitendanishi vilevile vilivyoleta matatizo:

- A: maji matupu yaliyopitia hatua zote.
- B: standadi ya amini ndani ya maji, tuseme nanomola 100 kwa lita.
- C: sampuli halisi iliyoongezewa standadi kwa kiasi kilekile cha B, pamoja na nyingine ya sampuli hiyohiyo bila nyongeza.
- D: derivati iliyotengenezwa siku ambayo kazi ilikwenda vizuri, ikagawanywa na kuhifadhiwa kwenye friza ikiwa na asidi.

D ikiwa chini, tatizo ni mashine. D ikiwa sawa na B iko chini, tatizo ni vitendanishi au mikono. B ikiwa sawa na C iko chini, sampuli yenyewe inazuia. A ikiwa na vilele, kuna uchafu. Maabara isiyo na D haiwezi kutenganisha kosa la kemia na kosa la mashine bila kubahatisha, kwa hiyo siku kazi inapokwenda vizuri, weka akiba.

Masi za kuangalia, zote zikiwa za ayoni yenye protoni moja:

| Amini | Benzoili | Iliyokamilika | Iliyopungukiwa benzoili moja | Yenye kaboni-13 sita kwa kila benzoili |
|---|---|---|---|---|
| Dopamini | 3 | 466 | 362 | 484 |
| Norepinefrini | 3 | 482 | 378 | 500 |
| Epinefrini | 3 | 496 | 392 | 514 |
| Serotonini | 2 | 385 | 281 | 397 |
| Tiramini | 2 | 346 | 242 | 358 |
| Histamini | 1 | 216 | – | 222 |

Kila benzoili huongeza 104. Kipande kinachotoka mara nyingi ni 105, yaani benzoili yenyewe. Serotonini hutoa 264 na histamini hutoa 95, na hivyo viwili ni vya kuaminika zaidi kwa sababu vinabeba sehemu ya amini yenyewe. Kipande cha 105 hutolewa na karibu kila kitu kilichopata benzoili, kwa hiyo ukikitegemea, muda wa kutoka kwenye kolamu ndio ushahidi wako mkuu.

Dalili: vilele vyote vimeshuka, hata kwenye standadi safi

Mshukiwa wa kwanza ni benzoili kloridi. Huvunjwa na unyevu wa hewa na kuwa asidi ya benzoiki na asidi ya hidrokloriki. Chupa iliyofunguliwa mara nyingi huweka fuwele nyeupe shingoni, na fuwele hizo ni asidi ya benzoiki. Gawanya chupa mpya katika vichupa vidogo vya kioo vilivyokauka, hifadhi palipo pakavu, na tengeneza ile 2% katika asetonitrili isiyo na maji muda mfupi kabla ya kuitumia. Usiitumie kesho yake. Fanya kazi hii ndani ya kabati la kufyonza hewa, kwa sababu mvuke wake huchoma macho na koo.

Mshukiwa wa pili husahaulika: bufa iliyokaa kwenye friji. Boraksi ya milimola 100 ni karibu gramu 38 za chumvi yenye maji kumi kwa lita, kiasi ambacho hakiko mbali na kikomo cha kuyeyuka kwake kwenye joto la chumba. Kwenye baridi hujitenga na kutulia chini kama fuwele safi zisizoonekana kirahisi ndani ya chupa ya plastiki. Unachovuta juu ni bufa dhaifu. Iache kwenye joto la chumba, au ipashe hadi fuwele zote ziyeyuke kabla ya kuipima.

Cha tatu ni kuchanganya. Benzoili kloridi haipendi maji. Ukiidondosha juu ya tyubu na kuiacha, hukaa kama matone madogo yanayovunjwa na maji kabla ya kukutana na amini. Voteksi iwe inazunguka tayari, na kila tyubu itikiswe sekunde hiyohiyo. Usimalize safu nzima ya sahani ya visima 96 ndipo uanze kutikisa. Asetonitrili pia hudondoka yenyewe kutoka kwenye ncha ya pipeti. Ivute na kuirudisha mara mbili tatu ili hewa ndani ya ncha ijae mvuke, ndipo upime.

Dalili: standadi safi iko sawa, sampuli imeshuka vibaya

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko pengine pote, na karibu kila mara chanzo ni asidi.

Sampuli za katekolamini (dopamini, norepinefrini na epinefrini) huhifadhiwa kwenye asidi, mara nyingi asidi ya perkloriki ya mola 0.1 au 0.2 kwa lita. Hilo ni jambo jema kwa uhifadhi, lakini piga hesabu. Mikrolita 10 za tetraborati ya milimola 100 zina mikromoli 1 ya chumvi, inayoweza kumeza mikromoli 2 za asidi. Mikrolita 20 za sampuli yenye asidi ya perkloriki ya 0.1 huleta mikromoli 2. Bufa imekwisha kabla hujaongeza kitendanishi. Ikiwa asidi ni 0.2, huleta mikromoli 4, na mchanganyiko unabaki asidi kabisa. Amini iliyobeba protoni haishambulii benzoili kloridi, kwa hiyo hakuna kinachotokea isipokuwa kitendanishi kuvunjwa na maji.

Kitendanishi nacho hutoa asidi. Mikrolita 10 za 2% zina takriban mikromoli 1.7 za benzoili kloridi, na kila moja ikivunjika hutoa asidi mbili: hidrokloriki na benzoiki. Jumla ni kama mikromoli 3.4, zaidi ya uwezo wa bufa hata sampuli ikiwa maji safi. Kwenye maji safi hili halisumbui sana, kwa sababu amini humenyuka haraka kuliko maji na kazi humalizika kabla pH haijaporomoka. Sampuli yenye asidi haikupi nafasi hiyo.

Pima badala ya kudhani. Tengeneza mchanganyiko wa mfano kwa kiasi kikubwa: mikrolita 400 za asidi ileile unayohifadhia sampuli, bila sampuli yenyewe, na mikrolita 200 za bufa. Gusa karatasi ya pH kabla ya kuongeza asetonitrili, maana baada ya hapo rangi ya karatasi haiaminiki sana. Unataka 9 au zaidi. Ukipata 7, umeshapata jibu lako.

Marekebisho yako matatu. Ikiwa viwango vya amini vinaruhusu, punguza sampuli kwa maji mara kumi. Ikiwa haviruhusu, tumia sodiamu kaboneti ya milimola 500 badala ya borati: mikrolita 10 zake humeza hadi mikromoli 10 za asidi, na mchanganyiko wenye asidi ya 0.1 hubaki juu ya 10. Kumbuka kwamba asidi ya kusimamisha nayo lazima ipande. Asidi ya fomiki ya 1% haitatosha; nenda hadi 3%, na acha kifuniko wazi kidogo kwa sababu kaboni dayoksaidi itatoka kwa mapovu. Njia ya tatu ni ya asidi ya perkloriki peke yake: ongeza potasiamu kaboneti kidogokidogo kwenye barafu hadi mapovu yaishe, kisha zungusha kwenye sentrifuji. Potasiamu perklorati huyeyuka kidogo sana kwenye baridi, hushuka kama unga mweupe, na unachukua maji ya juu. Fanya hivyo mwishoni kabisa, dakika chache kabla ya mmenyuko, kwa sababu katekolamini zikitoka kwenye asidi huanza kuharibika.

Ikiwa pH iko sawa na sampuli bado iko chini, tafuta kinachokula kitendanishi. Mkojo una amonia nyingi na asidi za amino, vyote vikiwania benzoili. Upunguze kwa maji mara 10 hadi 20. Plazima ina protini zenye laisini nyingi, kwa hiyo ondoa protini kwanza kwa asetonitrili baridi, ujazo tatu au nne kwa ujazo mmoja wa plazima. Tyubu za kuhifadhia katekolamini zenye glutathioni huongeza salfahidrili na amini kwa pamoja. Na bufa ya Tris isiingie popote katika kazi hii, kwa kuwa Tris yenyewe ni amini ya msingi (yenye hidrojeni mbili kwenye nitrojeni), na kwa kiwango cha milimola itawashinda wote.

Njia rahisi ya kuthibitisha ni kuongeza mara mbili kiasi cha benzoili kloridi pamoja na bufa kwenye C. Ishara ikipanda zaidi ya ile ya B iliyotendewa vilevile, kitendanishi kilikuwa kinaisha. Isipopanda, angalia kuzimwa kwa ayoni, yaani vitu vingine vya sampuli kupunguza ishara: linganisha eneo la kilele cha standadi ya ndani yenye kaboni-13 kwenye A na kwenye C. Ikishuka nusu kwenye C, mmenyuko hauna kosa; tatizo liko kwenye kolamu na chanzo cha ayoni. Elekeza dakika ya kwanza ya mtiririko kwenye taka, na refusha gradienti (mabadiliko ya taratibu ya kimiminika kinachopita kwenye kolamu).

Dalili: dopamini imeshuka na kilele kipya kimetokea kwenye 362

Hii ni dopamini yenye benzoili mbili badala ya tatu. Kundi la amini hupata benzoili kirahisi, lakini makundi mawili ya fenoli (OH zilizo kwenye pete) huhitaji besi ya kutosha ili yapoteze protoni ndipo yashambulie. Kwa hiyo 362 ni kipimo kizuri cha upungufu wa besi. Serotonini itakuonyesha jambo hilohilo kwa 281. Histamini haina fenoli, kwa hiyo ikiwa yenyewe iko sawa wakati dopamini na serotonini zimeshuka, shaka yako inapata nguvu.

Chanzo cha pili ni kinyume chake: mmenyuko ulikamilika, kisha derivati ikaachwa kwenye besi kwa muda mrefu. Benzoili iliyo kwenye nitrojeni ni amaidi na ni imara. Ile iliyo kwenye fenoli ni esta, na besi huivunja. Tofautisha kwa kupima tyubu ileile baada ya dakika 5, 30 na 120 bila kuongeza asidi. Ikiwa 466 inapungua na 362 inaongezeka kadiri muda unavyopita, weka asidi mapema.

Kuna mtego hapa. Oktopamini ina fomula ileile ya dopamini, na ikipata benzoili zake mbili hufika 362 vilevile. Metanefrini isiyo na methili kwenye nitrojeni nayo ina fomula moja na epinefrini, na derivati yake iko 392, sawa na epinefrini iliyopungukiwa. Anayepima vyote kwa pamoja anaweza kuripoti oktopamini ambayo haikuwepo kamwe kwenye sampuli. Pitisha standadi ya dopamini peke yake na uangalie 362: chochote kinachoonekana hapo kimetokana na dopamini. Andika muda wake wa kutoka, na hakikisha haugongani na ule wa oktopamini halisi.

Dalili: katekolamini pekee zinapotea

Histamini na GABA (ambazo si katekolamini) ziko sawa, lakini dopamini, norepinefrini na epinefrini zimeshuka, na pengine bufa imeanza kuwa ya waridi au kahawia. Zimeoksidika. Kwenye pH ya juu katekoli hugeuka kwinoni kwa dakika chache, hasa kukiwa na chembe za chuma au shaba. Usiongeze bufa kwenye sahani nzima kisha ukarudi mwanzo na kitendanishi. Kwa kila safu, bufa na benzoili kloridi vifuatane ndani ya sekunde chache. EDTA kidogo kwenye bufa hufunga metali. Sodiamu metabisalfaiti au asidi ya askobiki ndani ya sampuli pia husaidia, ila ziwe kwa kiasi kilekile kwenye standadi.

Kukausha kwa naitrojeni baada ya kuondoa protini ni mahali pengine zinapopotelea. Ongeza asidi ya fomiki kidogo kabla ya kukausha, joto lisizidi 35 hadi 40, na usiache tyubu kavu zikikaa. Lililo bora ni kutengeneza derivati kwanza ndipo ukaushe.

Dalili: standadi ya ndani ni imara, lakini matokeo hayarudiki

Standadi ya ndani inayotengenezwa kwa benzoili kloridi ya kaboni-13 huingia baada ya mmenyuko kwisha. Inasahihisha ujazo wa kudungwa na kuzimwa kwa ayoni. Haijui chochote kuhusu mmenyuko wa sampuli yako. Sampuli inaweza kupoteza nusu ya dopamini kwa kukosa besi, na standadi ya ndani ikaendelea kuonekana nzuri kabisa. Wengi hudanganywa na uimara huu.

Dawa yake ni kuongeza dopamini-d4 na serotonini-d4 (zenye deuteriamu nne) ndani ya sampuli tangu mwanzo, kabla ya kuondoa protini. Dopamini-d4 iliyokamilika itakuwa 470. Chagua yenye deuteriamu kwenye mkia wa kaboni, kwa kuwa zile za kwenye pete zinaweza kubadilishana na hidrojeni ya maji katika mazingira ya asidi kali.

Angalia pia standadi ya kaboni-13 yenyewe. Ikiwa bado ina benzoili kloridi ambayo haijavunjika, itakamata amini ya sampuli iliyobaki na kuihamishia kwenye masi ya standadi. Sampuli inashuka, standadi inapanda, na uwiano unaharibika mara mbili. Iache muda wa kutosha ivunjike kabla ya kuigawa na kuigandisha. Jaribu kuiongeza kwenye maji yenye amini ambayo haijapata benzoili: 484 ya dopamini isipande.

Dalili: ukungu, tabaka mbili, au presha ya kolamu inapanda

Fuwele nyeupe zinazotokea baada ya tyubu kukaa kwenye trei baridi ni asidi ya benzoiki. Ongeza sehemu ya asetonitrili au weka trei kwenye joto la nyuzi 10 badala ya 4. Ukungu unaotokea papo hapo bufa ya kaboneti inapoingia kwenye plazima au ugiligili wa uti wa mgongo ni kalsiamu kaboneti, na EDTA huuzuia. Tabaka mbili ni asetonitrili iliyosukumwa na chumvi nyingi. Usichukue tabaka moja na kuendelea, kwa sababu amini zimegawanyika kati ya yote mawili. Punguza kwa maji hadi yaungane. Zungusha kila tyubu kwenye sentrifuji kabla ya kudunga, bila kujali inaonekana safi kiasi gani.

Kilele cha histamini kilichotanuka wakati vya baadaye ni vyembamba kinatokana na asetonitrili nyingi kwenye sampuli iliyodungwa. Punguza ujazo wa kudunga, au ongeza maji.

Dalili: namba inatoka safi lakini haiaminiki

Mara nyingine kemia haina kosa. Serotonini ya damu karibu yote iko ndani ya chembe sahani. Seramu huwa na kiasi kikubwa kwa sababu chembe hizo huimwaga damu inapoganda, na plazima iliyozungushwa kidogo hubeba mabaki yake. Anayetaka serotonini huru lazima azungushe mara mbili kwa baridi na aache sehemu ya chini bila kuigusa. Dopamini ya plazima nayo kwa sehemu kubwa imefungwa kwa salfati, ambayo benzoili haiwezi kuipita. Unachopima ni iliyo huru tu. Jumla huhitaji kuvunja salfati hiyo kwa kuchemsha kwenye asidi kwanza, na matokeo ya njia hizo mbili hayalinganishwi.

Asetilikolini haipati benzoili kabisa kwa kuwa nitrojeni yake haina hidrojeni. Hupimwa kama ilivyo, ikidungwa pamoja na nyingine.

Kwa wanaotumia dansili au OPA (o-fthalaldehidi) badala ya benzoili

Dansili kloridi huhitaji pH ya 9.5 hadi 10 na joto, kwa kawaida nyuzi 60 kwa dakika 30, gizani. Rangi ya njano ikififia kabla ya muda kwisha, kitendanishi kimeliwa na kitu kingine. Malizia kwa prolini ili kufuta kilichobaki. Kilele kikubwa kisichobadilika kwenye kila sampuli ni asidi ya dansili au dansili iliyoshikana na amonia. Sogeza gradienti mpaka vikae mbali na amini zako.

OPA hushika amini za msingi pekee, kwa hiyo epinefrini, yenye hidrojeni moja tu kwenye nitrojeni, haitaonekana hata ufanye nini. Bila merkaptoethanoli haing'ai, na merkaptoethanoli huoksidika ndani ya chupa. Ishara ikishuka kila siku kidogokidogo, iongeze au tengeneza kitendanishi upya. Derivati zake huvunjika kwa dakika, kwa hiyo muda kati ya kuchanganya na kudunga uwe uleule kwa kila sampuli, na kazi hiyo aachiwe kidungaji cha mashine, si mkono.

Dalili: maji matupu yana vilele

Kwanza dunga asetonitrili tupu. Kilele kikibaki, kimetoka kwenye sindano au kolamu, kwa sababu derivati za benzoili hupenda mafuta na hung'ang'ania. Osha sindano kwa mchanganyiko wa asetonitrili na isopropanoli, na ongeza dakika mbili za asetonitrili 95% mwishoni mwa gradienti. Kilele kikitoweka kwa asetonitrili lakini kipo kwenye A, uchafu uko kwenye bufa, maji au vyombo. Glutameti na glaisini ndani ya A kwa kawaida zimetoka kwenye vidole. Badilisha glavu na usiguse ndani ya vifuniko. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, ukianza na maji.